Geuza Kiti

Tarehe 9 Januari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na ulimi wako ukiwa bado unakata. Mimi sijambo. Nimehamia chumba cha ghorofa ya juu, juu ya karakana ya kushona viti vya magari. Mchana cherehani zao zinanguruma, ila saa saba hadi saa nane mafundi huenda kula na jengo zima hunyamaza. Saa hiyo moja ndiyo yangu.

Ni hivi, Bibi. Nimeacha kazi ya duka la vipuri. Naomba wewe ndiye umwambie Mama, polepole, akiwa amekaa.

Sasa nina studio. Usicheke. Kituo cha redio cha hapa kimenipa hadithi kumi za watoto nizirekodi na kuzitengeneza. Wanazitaka mwisho wa Juni. Zikipita, wananiajiri. Zisipopita, nitarudi kwenye vipuri, ikiwa yule tajiri amesahau maneno niliyomwambia siku ya kuaga.

Nimenunua spika mbili za studio. Hizi si spika za sherehe, Bibi. Za sherehe zinapamba sauti, hizi zinasema ukweli. Zinaunganishwa na kisanduku kidogo kiitwacho intafesi: maikrofoni inaingia mbele yake, spika zinatoka nyuma, moja kushoto na moja kulia, na kompyuta inakaa pembeni kama karani ikiandika kila kinachopita. Siku ya kwanza niliwasha spika kabla ya kisanduku, zikapiga PU! mpaka fundi viti wa chini akapanda ngazi kuangalia kama nimeanguka.

Wataalamu wa mtandaoni wanasema spika mbili na kichwa changu lazima vifanye pembetatu yenye pande sawa. Nimepima kwa futi ya kamba ya fundi viti. Mhuri wa studio nimeshachongesha, utauona hapo chini.

Ungekubali simu, ningekusikilizisha sasa hivi.

Mjukuu wako,
Mkurugenzi na Mhandisi Mkuu wa Sauti


Tarehe 2 Februari

Kwako mume wangu Mkurugenzi,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba kwa siku zote usizoniamkia. Sisi huku tunapumua. Kuku wawili wanaatamia, wa tatu kasusa. Mama yako mgongo unamsumbua ila mdomo hauna maradhi. Mke wa mjomba wako alikuja Jumapili, akakaa, akasema, akaondoka. Alichosema sikijui, lakini alikisema kwa muda mrefu.

Habari ya kazi nimemwambia mama yako. Hakuwa amekaa. Sasa amekaa.

Barua yako imegongwa mihuri mitatu kama kibali cha kusafirisha ng'ombe. Studio haijatoa hata kikohozi, mhuri tayari. Babu yako naye alishona suti ya uenyekiti mwaka mzima kabla ya uchaguzi, akaja kuzikwa nayo, maana hakupata mahali pengine pa kuivaa.

Sasa nisikilize. Mimi sikukanyaga darasa, herufi nilizidokoa kwenye madaftari ya mama yako huku nachekecha unga. Lakini mashine usinifundishe. Miaka ishirini na sita nimeendesha mashine ya kusaga, na mpaka leo nashinda mlangoni pake kuwaangalia hawa walionirithi wasiiue. Kuwasha, injini kwanza, mahindi baadaye. Kuzima, mahindi kwanza, injini mwisho. Ukikosea, mkanda unaruka na kumtafuta mtu. Basi na wewe washa hicho kisanduku kwanza, spika zije mwisho kama bibi harusi. Wakati wa kuzima, bibi harusi atangulie kulala. Umeelewa? Hakuna haja ya mtaalamu wa mtandaoni, mtu hata uso humjui, kwao hukujui.

Hiyo pembetatu yako imenichekesha. Pembetatu za hapa mtaani nazijua, zote huishia kwa mjumbe.

Na ati umenunua spika zinazosema ukweli! Mimi nimewaambia ukweli bure tangu mnazaliwa, bila waya, na hakuna hata mmoja aliyenipimia kwa futi.

Simu sitaki. Mtu asiyeonekana anakupigia kelele utadhani umemuibia. Barua inakaa, naisoma nikitaka, nikikasirika naiweka chini ya godoro.

Kula. Spika hazipiki.

Mkeo wa kwanza,
Bibi


Tarehe 27 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Kuku wako hawajambo? Mimi nimekonda kidogo, ila ni kwa sababu ya ngazi.

Utaratibu wa kuwasha umefanya kazi, PU! imeisha. Lakini pameingia mdudu mwingine. Spika ya kulia ina sauti hafifu. Ya kushoto inazungumza kama mtu mzima, ya kulia inanong'ona kama inaogopa mwenye nyumba. Msimuliaji niliyemkodi anatakiwa asikike katikati, mbele ya uso wangu kabisa. Mimi namsikia amehamia kushoto. Kwa hiyo naongeza sauti ya kulia mpaka arudi katikati, ndipo naipeleka hadithi redioni.

Mhariri wa vipindi amezirudisha hadithi mbili za kwanza. Kaniuliza, "Huyu msimuliaji wako mbona kaelemea kulia? Anasimulia au anachungulia mlangoni?" Watu wakacheka. Nadhani spika zao ni mbovu.

Nimebadilisha waya. Nimetoa ule wa vichwa vya redio za kawaida, nimeweka ule mnene wenye kichwa cha pete mbili, ambao wanasema haunasi mngurumo. Mngurumo umekwisha, unyonge wa kulia upo palepale. Nimehamisha waya wa kulia kwenye tundu la kushoto. Upo. Nimeirudisha spika dukani, tukabishana mpaka wapita njia wakachagua timu, mwisho wakanipa nyingine mpya. Na hiyo nayo inanong'ona! Nimebandika trei za mayai ukutani upande ule, kwa ushauri wa mtaalamu mmoja mwenye wafuasi wengi.

Mama asijue.

Mjukuu wako,
Mkurugenzi


Tarehe 19 Machi

Kwako mume wangu,

Marahaba. Kuku mmoja katoa vifaranga saba, kimoja kina mguu wa upande, ndicho kinachoongoza wenzake. Mvua imeonja paa la jiko na kukuta ni laini. Mama yako anajua kila kitu, nilimsomea barua yako yote. Usipotaka nimsomee, usiniandikie kwa herufi kubwa namna hiyo.

Trei za mayai bila mayai. Mtu mzima. Nimecheka mpaka mama yako akaniletea maji.

Lakini nilipomaliza kucheka nimeisoma tena barua yako, na safari hii sikucheka. Nihesabie mwenyewe. Umebadilisha waya. Umebadilisha tundu. Umebadilisha spika. Umebadilisha ukuta. Umebadilisha kila kitu kilichomo chumbani isipokuwa wewe.

Fanya hivi. Waya usiguse, spika usiguse. Weka mtu mmoja anayesema, sauti ile ile kwa spika zote mbili. Kaa kwenye kiti chako, sikiliza upande upi unanong'ona. Halafu geuza kiti. Zipe spika mgongo. Sikiliza tena. Kama spika iliyokuwa inanong'ona ndiyo bado inanong'ona, basi ni mbovu, karudie ugomvi wako dukani. Kama mnong'ono umehamia kwa mwenzake, maana yake umegeuka na wewe.

Usiniulize nimejuaje. Fanya, kisha niandikie neno moja tu: umehama au haukuhama.

Bibi


Tarehe 16 Aprili

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo nyingi. Pole kwa paa la jiko. Hongera kwa vifaranga, hasa huyo kiongozi. Mafundi viti wa chini wamepata kazi ya basi zima la abiria, viti hamsini na viwili, kwa hiyo siku hizi wanakula kwa zamu na ile saa yangu ya kimya imekufa. Narekodi kwa vipande vipande kama mtu anayevuka barabara.

Nimeagiza waya wa aina nyingine, vichwa vyake vimepakwa dhahabu. Wataalamu wanasema tofauti inasikika waziwazi. Pia nimeinua spika, nimeziwekea matofali chini ili ziwe usawa wa masikio, na nimezisogeza mbele kidogo zisiegemee ukuta, maana zikiegemea ukuta zinavimba sauti nzito. Mambo yanakwenda vizuri.

Mhariri karudisha hadithi ya tatu na ya nne.

Kuhusu kiti, nitajaribu nikipata nafasi.

Wako,
Mkurugenzi


Tarehe 24 Aprili

Wewe,

Kugeuza kiti kunahitaji nafasi gani? Unalima?

Umegeuza au hukugeuza?

Bibi


Tarehe 15 Mei

Mjukuu wangu,

Wiki tatu, kimya. Leo marahaba hakuna, na salamu za kuku sikuletei.

Kijana anayejibu habari za matofali, basi na viti hamsini na viwili, na swali moja la kiti linamshinda, huyo amekwisha kugeuza. Umegeuza, umehama, na umeogopa. Nakujua. Ulipovunja mtungi wangu ukiwa na miaka sita, uliniletea maji ya kunywa mara nne mchana ule bila kuombwa.

Basi ngoja nikuambie nilichokukataza kuniuliza. Mama yako hajui. Mjomba wako hajui. Kaa.

Mwaka wa kumi na tisa wa kazi, mashine ilianza kunong'ona upande wa kulia. Nikasema mkanda umelegea. Nikaukaza. Kesho yake nikaukaza tena. Nikaukaza mpaka ukakatika, mwenye mashine akanitukana mbele ya wateja, na mimi nikamrudishia la kwake. Tukafunga mkanda mpya. Bado inanong'ona. Nikamwambia fundi injini ni mbovu, akaifungua yote, akaifunga, hakuona kitu, akaniangalia kama mwehu. Halafu siku moja nikageuka kuchukua ungo, nikaipa mashine mgongo, na mnong'ono ukahama ukaenda upande wa pili. Nikageuka tena, ukarudi. Nilizunguka pale mara tatu kama kuku aliyekatwa shingo. Mteja akauliza, "Mama, unacheza?" Nikamwambia ndiyo, nacheza, lete debe lako.

Sikio langu la kulia halisikii. Lilianza kidogo, nikalinyamazia, likamaliza kazi yake. Nilikuwa na wanangu wawili wa kulisha, pamoja na marehemu babu yenu na suti yake, nikasema wakijua wataniondoa kwenye mashine, na nikiondoka kwenye mashine hakuna wa kutulisha. Baadaye wanangu wakakua, wakawa wanajilisha, na mimi nikaendelea kunyamaza kwa mazoea. Aibu ikishazoea nyumba haidai hata kodi.

Ndiyo maana naketi nikiegemeza bega la kulia ukutani. Ndiyo maana simu siitaki: nikiiweka kwenye sikio zima, chumba chote kinakufa, mtu anaweza kuniita nisigeuke, na nikaumbuka. Na mke wa mjomba wako, maskini, siku ya kwanza alipoletwa nyumbani alikaa kulia kwangu, na tangu siku hiyo anajua namchukia. Miaka kumi na minane namwitikia "ehee" mahali pasipotakiwa. Siku aliyonieleza kifo cha baba yake nilimwambia "vizuri sana."

Sasa umejua. Mimi nilipewa muda nikautumia kukaza mkanda. Wewe unautumia kununua dhahabu. Acha mchezo. Hata kama ni sikio lako, hata kama redio wataziacha hadithi zako, hata kama utarudi kwenye vipuri ukiwa umeinamisha kichwa. Nenda kwa daktari wa masikio wiki hii. Ukiona aibu, mwambie umetumwa na mkeo.

Nakungoja nikiwa na moyo mkononi.

Bibi yako


Tarehe 4 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimekaa, kama ulivyosema. Nimeisoma tena nimesimama, maana kukaa kulinishinda.

Ni kweli niligeuza. Niligeuza siku ile ile nilipopokea barua yako ya Machi. Mnong'ono ukahama kwenda kwenye spika ya kushoto. Nikabaki nimeangalia mlango, mgongo kwenye spika, mpaka fundi viti akaja kuazima kamba yake ya kupimia, akaniuliza, "Bosi, wamekuudhi nini?" Nilikirudisha kiti mahali pake nikaagiza waya wa dhahabu. Usinicheke, Bibi. Kwa mtu wa kazi yangu sikio ndilo mkono. Niliona nisipouliza, halijafa.

Jumatatu nilikwenda hospitali. Nilivaa suruali nzuri, kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Daktari wa masikio ni mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba. Akachungulia kwa tochi yake. Akachungulia tena. Akamwita mwenzake, naye akachungulia, akatoka nje haraka, nikamsikia kwa sikio la kushoto akicheka kule koridoni.

"Kijana," mama akaniuliza, "unafanya kazi gani?"

Nikamwambia, "Mhandisi wa sauti."

"Mkuu?"

"Mkuu."

Akaingiza koleo jembamba, akavuta. Kikatoka kijikofia cha mpira, Bibi. Kile kinachovalishwa vispika vya kuchomeka masikioni. Kilichomoka mwaka jana, nilikitafuta chini ya kitanda siku mbili, nikanunua vingine. Kimekaa humo miezi saba kimejifunika nta, na mimi kila siku nakisukuma ndani zaidi kwa kile kipya. Kwa ajili ya hicho nimegombana na muuza spika, nimemdharau mhariri wa redio na nimebandika ukuta mzima trei za mayai.

Neno la kwanza nililosikia kwa sikio la kulia lilikuwa "Anayefuata!" Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Niliporudi nikaketi katikati ya zile spika, nikaisikiliza hadithi ya kwanza. Mhariri alisema kweli. Msimuliaji alikuwa mlangoni kabisa, karibu aanguke nje. Nimeanza upya zote kumi.

Sasa ni zamu yako. Uliniambia niende wiki hii, na mimi nakwambia uende wiki hii. Kuna msemo wa nyani na kitu asichokiona, lakini kwa adabu sitaumalizia. Na unisamehe, Bibi: nimemwandikia Mama nikamweleza.

Mjukuu wako,
(cheo nimekiweka kando kwanza)


Tarehe 20 Juni

Kwako,

Sikio lako kupona nimemshukuru Mungu mpaka magoti yakauma. Mpira! Nimecheka, nikalia, nikacheka tena. Kuku yule aliyesusa naye kaatamia sasa, naona habari njema zinaambukiza.

Paa la jiko limezibwa. Mjomba wako alipanda mwenyewe, akateremka kwa njia ambayo hakuipanga, lakini mzima.

Barua yako ilinyeshewa njiani. Nusu ya mwisho haisomeki.

Kumwandikia mama yako kumenifikia kwa njia nyingine. Umenivua nguo uwanjani, mume wangu. Hilo tutaliongea.

Bibi


Tarehe 12 Julai

Bibi,

Shikamoo. Mama anasema siku barua yangu ilipofika huko hakukuwa hata na wingu.

Hadithi zote kumi zimepita. Mhariri alizisikiliza nikiwa nimekaa mbele yake. Zilipoisha alisema tu, "Huyu sasa amekaa kwenye kiti." Wamenipa mkataba. Ya kwanza itatangazwa Jumamosi ya tarehe tatu Agosti, saa kumi jioni.

Mkataba sijautia sahihi. Uko mezani, mbele ya spika. Wamenipa mpaka katikati ya Agosti. Sitatia sahihi mpaka niambiwe daktari amesema nini juu ya masikio yako. Wakinifukuza kabla sijaanza, nitamwambia mwenye duka la vipuri kwamba nimetumwa na mke wangu.

Usinijibu habari za kuku.

Mjukuu wako


Tarehe 5 Agosti

Kwako mume wangu mwenye kichwa cha jiwe,

Tia sahihi. Kabla hujaendelea kusoma, tia sahihi, kisha urudi.

Marahaba. Nimekwenda. Mama yako alinishika mkono kutoka mlangoni kwetu mpaka mlangoni pa daktari, utadhani napelekwa kituoni. Huyu wetu ni mwanaume mrefu, kijana, anaongea na mtu kama anavyoongea na mtu, si kama anavyoongea na mzee. Alinifunika masikio kwa vitu kama makopo, akanipigia milio myembamba, akaniambia nikisikia niinue mkono. Upande wa kushoto niliinua inua. Upande wa kulia nilikaa na mkono wangu mapajani, na mama yako, ambaye alikuwa ameniapia hatalia, akalia.

Sikio la kulia limekufa zamani, hakuna la kufanya. Hilo nilikuwa nalijua, sikumlipia mtu aniambie. Lakini akaendelea. Akasema la kushoto nalo limeanza safari. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nimestaafu. Akaniuliza, "Mchana unashinda wapi, mama?" Nikajitia sikusikia. Mama yako akadakia: "Mlangoni pa mashine ya kusaga, daktari! Asubuhi mpaka jioni, kila siku, na hakuna aliyemwajiri!" Daktari akavua miwani. "Ukiendelea kulipeleka pale," akasema, "litamfuata mwenzake. Si miaka mingi."

Nilikasirika. Nilimwambia ile mashine inanijua kuliko wanangu. Akasema anaamini. Ndiyo tabia yake hiyo, kuamini, halafu habadilishi neno.

Siku tatu nilikwenda mashineni kama kawaida nikiwa nimejaza pamba. Siku ya nne nimefika pale njia inapokata, nikakumbuka ulivyokaa umeupa mgongo ukweli, kisha ukarudisha kiti ukaagiza dhahabu. Nikasema, hili jinga limenirithi mimi. Halikutoka kwa baba yake. Nikasimama pale katikati ya njia na kiti changu kidogo kwapani, watu wananipita na madebe yao, wananiamkia, na mashine inaniita kule mbele. Nikarudi nyumbani. Sitakuficha, nilirudi nalia, na kifaranga chenye mguu wa upande kikanifuata mpaka chumbani.

Sasa nashinda nyumbani, na haya ndiyo mateso yangu. Tangu wajue, wote wananipigia kelele kwenye sikio zima, lile ambalo bado linasikia. Mjomba wako anaongea na mimi kama anaita feri. Mama yako huongea peke yake akiosha vyombo, na mada ni mimi. Mke wa mjomba wako alikuja, akalia, nikamwomba msamaha kwa yale ya baba yake, tukashikana, akahamia kushoto, na tangu hapo hajanyamaza. Kumbe ana maneno mazuri. Ana mengi, lakini ni mazuri. Anajua kuchekesha yule mwanamke! Miaka kumi na minane nimekosa vichekesho.

Juzi Jumamosi niliwakalisha wote saa kumi kasorobo mbele ya redio. Mjomba wako alipofungua mdomo nilimpiga kwa kanga. Ikaja. Nimemsikia msimuliaji wako tangu alipovuta pumzi ya kwanza mpaka mwisho, kila neno limekaa mahali pake, sikuhitaji mtu wa kunirudia. Sijui mara ya mwisho nilisikia hadithi nzima bila kumuuliza jirani kwa ujanja "eti alisemaje yule?" ilikuwa lini. Ilipoisha mama yako aliinuka kuzima, nikamwambia aiache, huenda watarudia. Hawakurudia.

Lakini kazi nzuri haizuii ukweli. Msimuliaji ana mafua, mwambie apenge kamasi kabla hajaanza, si katikati ya simba. Na nyuma yake, mara mbili, nimesikia kiti kinalia. Kipake mafuta.

Nakubusu pande zote mbili za kichwa hicho kigumu,

Bibi yako wa sikio moja